Tovuti Ina Msiba

Annastella alikuwa na wateja wachache tu wa tovuti, Bukoba mjini na Muleba, na kila mmoja wao alijiona yuko peke yake duniani. Mwenye loji alipiga simu alfajiri kuuliza kwa nini picha ya kitanda imelala ubavu. Muuza asali wa Kagoma alitaka picha yake na askofu ikae juu kabisa, asali ifuate baadaye kama nafasi itabaki. Mama wa keki alitaka kila neno liwe la rangi ya waridi, na alipoambiwa hayasomeki, alijibu kwamba wanaompenda watayasoma. Annastella aliwajibu wote kwa upole, akakata simu, kisha akawasema peke yake kwa Kihaya mpaka moyo ukatulia.

Mteja ambaye hakuwahi kumsema ni Ma Trupti. Huyu alikuwa binti wa marehemu Umedbhai, aliyefungua duka la vyerehani na vipuri vyake enzi ambazo barabara ya mjini ilikuwa imejaa maduka ya Wahindi. Wenzao walihama mmoja mmoja, wengine Mwanza, wengine Dar es Salaam, wengine ng'ambo. Ma Trupti alibaki. Alizaliwa Bukoba, akazeeka Bukoba, na Kihaya chake kilikuwa kile cha kina bibi, chenye heshima zote, hata vijana wa Kitendaguro walipotaka kujua neno la zamani walikwenda kumuuliza Mhindi. Chumba cha nyuma ya duka alimpa Annastella awe na pa kuweka meza na kompyuta yake.

Kila Jumatatu walifanya kazi ya tovuti pamoja. Ma Trupti alitandika kitambaa cheupe kaunta, akapanga juu yake bobini, sindano, mikanda na vikombe vya mafuta, Annastella akapiga picha na kuandika kilichopo na kilichokwisha. Mafundi wa Kagera nzima walitazama hapo kabla ya kutoa nauli kuja mjini. Shida ilikuwa maneno.

"Andika hivi," Ma Trupti aliamuru. "Mkanda huu ni mzuri, lakini usipopaka cherehani mafuta ukakatika, usije kunililia."

"Ma, tovuti haigombani na wateja."

"Yako haigombani. Yangu igombane."

Annastella aliandika hivyo hivyo, akiwa na uhakika kwamba mafundi watakimbia. Wapi! Walipenda mno. Walisomeana kwenye vibanda vyao, wakacheka, wakaagiza, na Annastella akajifunza kunyamaza. Na kwa kuwa Ma Trupti hakusikia simu vizuri akiwa anajaribu cherehani, Annastella aliiwekea sauti ya jogoo. Kila oda ilipoingia, ilionekana ukurasani kwa wote, jogoo akawika, na Ma Trupti akaitikia, "Karibu!"

Sasa tatizo lilikuwa jengo. Jengo halikuwa la Ma Trupti. Lilikuwa la mtoto wa kaka yake, Rakesh, aliyeondoka Bukoba akiwa kijana na kuwa mfanyabiashara Dar es Salaam. Rakesh hakuwa mtu mbaya, ila alipiga mahesabu kila kitu. Mnunuzi alikuwa amemfuata, anataka jengo hilo alivunje ajenge la ghorofa. Rakesh akamwambia shangazi yake waziwazi: "Shangazi, sikuoni ukiuza. Njoo Dar ukae na sisi, upumzike." Ma Trupti akamjibu kwamba yeye hakuchoka. Walibishana wiki nzima, mwisho wakaafikiana. Alhamisi saa kumi alasiri Rakesh angekaa na mnunuzi. Kabla ya kusema neno angefungua tovuti ya duka na kutazama oda zilizoingia siku hiyo. Akiona wateja, haliuzwi. Asipoona, shangazi afunge mizigo.

Annastella aliposikia hayo aliingiwa na hofu. Chumba cha nyuma hakikumhangaisha sana, meza inahamishika. Ila alijua kwamba Ma Trupti akitolewa Bukoba hatafika mwaka. Basi wiki hiyo aliacha loji, akaacha keki, akaisafisha tovuti ile mpaka ikang'aa. Aliwaandikia mafundi wote kwamba mikanda mipya imefika, Alhamisi waagize mapema.

Jumatano asubuhi akakuta milango ya duka imefungwa na Ma Trupti amesimama nje amevaa kitenge juu ya nguo zake, macho mekundu.

"Ma Anatolia amefariki," akasema. "Wa Kamachumu."

Annastella akashika kinywa. Nani asiyemjua Ma Anatolia? Bibi wa miaka tisini na ushei, ndiye aliyewafundisha ushonaji nusu ya mafundi wa Muleba, na wanafunzi wake nao wakafundisha wengine. Cherehani yake aliinunua kwa Umedbhai mwenyewe, na kila alipokuja mjini alikaa kwenye kiti cha ndani ya kaunta akitafuna punje za kahawa na kuwakosoa wateja mishono ya mashati yao.

"Pole sana, Ma."

"Tumeshapoa. Nimefunga duka. Na wewe funga websaiti."

Annastella alidhani hakusikia vizuri. "Nifunge nini?"

"Websaiti. Kamachumu leo hakuna anayeshika jembe mpaka mwili uzikwe. Hata migomba inasubiri. Halafu mimi niwe nauza sindano kwenye simu za watu?"

"Ma, tovuti haina mlango! Haipigi kelele, haimsumbui mtu. Na kesho ni Alhamisi!"

"Ina mlango. Wewe ndiye mwenye ufunguo," akasema Ma Trupti, akaenda kutafuta gari la kuwapeleka msibani.

Waitu, ndugu zangu, shetani hana kazi nyingine. Annastella alikaa mbele ya kompyuta akajiambia kwamba anamwokoa mama wa watu asiyejua kujiokoa. Akaandika juu kabisa, kwa herufi nene: "Tuna msiba. Tumefiwa na Ma Anatolia wa Kamachumu. Mungu ampumzishe kwa amani." Ikapendeza. Lakini chini ya tangazo aliacha kila kitu kama kilivyokuwa, picha, bei, na sehemu ya kuagiza. Atakayeteremka atanunua, na Ma Trupti hateremki, yeye husoma ya juu tu.

Alhamisi walizika. Watu walijaa shambani mpaka migomba ikaonekana michache. Mafundi walikuja na tepu zao shingoni, ndivyo walivyokubaliana kumuaga mwalimu wao. Padre akahubiri juu ya mama aliyewavisha wasio na nguo, watu wakatulia tuli, kina mama wakapangusa machozi.

Hapo hapo jogoo akawika.

Aliwika ndani ya mkoba wa Ma Trupti, kwa sauti yake yote. Padre akanyamaza. Watu wakageuka kutafuta kuku. Ma Trupti, kwa mazoea ya miaka, akaitikia kwa nguvu, "Karibu!" Halafu akafunga kinywa kwa mikono miwili. Kijana mmoja akaangua kicheko, mama yake akamfinya. Ma Trupti aliitoa simu, akaisoma, akainua macho taratibu kumtazama Annastella. Oda ilitoka kwa fundi Datius wa hapo hapo Kamachumu. Mkanda mmoja. Datius mwenyewe alikuwa amekaa safu ya tatu, kichwa amekiinamisha kati ya magoti, simu bado mkononi.

Annastella alitamani ardhi ipasuke, na kwa bahati mbaya ilikuwa imeshapasuliwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Ibada ilipoisha Ma Trupti alimvuta nyuma ya jiko, wanawake walikokuwa wakimenya ndizi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma.

"Nilikuambia ufunge."

"Ma, nisamehe. Niliogopa. Leo ni Alhamisi, jengo litauzwa."

"Najua ni Alhamisi, mwanangu. Jengo likiuzwa nitapanga chumba. Ma Anatolia namzika mara moja tu."

Annastella alilia kidogo, akajifuta, akatoa simu. Pale pale kwenye maganda ya ndizi aliifunga tovuti. Picha zikaondoka, bei zikaondoka, vipuri vyote vikaondoka. Sehemu ya kuagiza ikakataa. Kwa simu haikuwezekana kuing'oa bila kuharibu ukurasa mzima, kwa hiyo akabadilisha maneno yake tu. Palipoandikwa "Andika oda yako hapa" akaandika "Andika neno lako la pole hapa". Akamnyamazisha jogoo. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Saa kumi kamili Rakesh akapiga. Ma Trupti aliweka sauti ya juu kwa sababu ya kusikia kwake, na kila aliyekuwa karibu akasikia.

"Shangazi! Nimefungua, sioni duka. Naona msiba. Mnunuzi yuko hapa mbele yangu!"

"Ndiyo, baba. Tumefunga. Tumefiwa."

"Hata kwenye intaneti?"

"Hata kwenye intaneti."

"Shangazi, tulikubaliana..."

"Tulikubaliana, nami sijakataa. Fanya utakavyofanya. Mimi niko mazikoni kwa Ma Anatolia." Na akamkatia, Rakesh mwenye magari yake yote, akaenda kuonja chumvi kwenye sufuria.

Chakula kikaja, ndizi na maharage, na Annastella hakuweza kumeza. Datius alijisogeza pembeni yake na sahani iliyojaa, amenywea.

"Dada, nisamehe. Tangazo nililiona. Niliteremka chini kusoma tu, nikaona mkanda."

"Mkanda ulikuwa na haraka gani, Datius?"

"Sare za kwaya, na cherehani imesimama. Nilisema mwalimu angenielewa." Akafikiri kidogo. "Angenichapa, lakini angenielewa."

Annastella alicheka bila kupenda. Ili asije akalia tena, akafungua tovuti aone kama imefungika vizuri. Akakuta pole. Alidhani zitakuwa mbili tatu. Alivuta chini, akavuta tena, hazikuisha, na zilikuwa bado zinaingia.

"Ma! Njoo usikie!"

Akaanza kumsomea. Safina wa Karagwe: "Pole sana Ma Trupti, huyu bibi ndiye aliyenifundisha kukata kola. Nimeshindwa kufika, mvua. Mkifungua niwekee bobini." Fundi wa Izigo: "Raha ya milele umpe ee Bwana. Ile miguu ya cherehani imefika?" Mwingine wa Ngara: "Sikumjua marehemu ila aliyenifundisha alifundishwa naye, kwa hiyo ni bibi yangu. Poleni. Nahitaji mikanda, mingi, nitasema idadi msiba ukiisha, sitaki kuwa mtovu wa adabu." Zahoro wa Biharamulo alileta pole ya kurasa mbili yenye mistari ya dua, na mwishoni kabisa, baada ya amina, sindano.

Mafundi walikuwa wameshakusanyika. Kila pole ikisomwa walitikisa vichwa kwa huzuni, ikifika mwisho wanapasuka. Ma Trupti alicheka mpaka akashika mbavu, machozi ya msiba na ya kicheko yakashuka njia moja.

"Kufa kufaana," akasema Datius, sasa amepata nguvu. "Kumbe si mimi peke yangu!"

"Wewe nyamaza," Ma Trupti akamwambia. "Wenzako wametoa pole kwanza."

Annastella alikuwa anataka kuzima simu, chaji inakwisha, ndipo ikaingia nyingine. Aliisoma kimya. Akairudia. Kisha akamshika Ma Trupti mkono.

"Ma, hii ya Rakesh."

Watu wakasogea wote.

"'Mimi Rakesh, Dar es Salaam. Ma Anatolia alinishonea kaptula yangu ya kwanza ya shule. Nilimwambia watoto wananiita mgeni, akanishonea mfuko wa siri ndani, akasema mwenye siri ya hapa ni wa hapa. Nilikuwa nimemsahau. Poleni sana. Nimezisoma pole hizi zote, mnunuzi amezisoma nami, kisha ameaga. Jengo siuzi. Mkifungua, yule wa Ngara aseme anataka mikanda mingapi, niitafute huku kesho asubuhi.'"

Ma Trupti alishika ncha ya kitenge akajifuta jicho moja, kisha la pili, bila haraka, akaketi vizuri kwenye mkeka.

"Mjibu," akasema.

"Nimwambie nini, Ma?"

"Mwambie asante kwa pole. Na mambo ya mikanda, mwambie tuna msiba. Oda ni Jumatatu, kama watu wote."