Konokono wa Daktari Valdivia

Siku ya tatu ya safari, Dayamí Legrá alifika shambani kwa Eneida Noa akiwa na kiatu kimoja kilichofungwa kamba, magoti yamechubuka, na sanduku la mbao begani. Kutoka mji wa Baracoa hadi milima hii ya Maisí alikuja kwa miguu. Alivuka mto maji yakimfika kifuani, akapanda majabali makali ambayo wenyeji huyaita meno ya mbwa, nayo yalimng'ata kweli. Alijiona shujaa, na haki alikuwa nayo.

Sandukuni mlikuwa na konokono thelathini na mmoja, wa njano, wekundu, wa rangi ya chungwa, wote hai. Daktari Valdivia, msimamizi wa utafiti wake chuoni, alitaka arobaini. Wasipotimia hapiti, na asipopita hapati shahada mwaka huu.

"Shangazi, naomba kuchukua wachache kwenye mibuni yako. Tisa tu."

Eneida, mama wa miaka hamsini hivi mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili, alikuwa anachuja kahawa kwa mfuko wa kitambaa. Hakugeuka.

"Tisa tu! Msikieni huyu. Halafu majani yangu utakuja kuyalamba wewe?"

Konokono hao ndio wanaokula ukungu unaoziba majani ya mbuni. Upepo ukiwaangusha, Eneida huwaokota mmoja mmoja na kuwarudisha mtini. Dayamí aliyajua hayo vitabuni, na kilichomuudhi ni kufundishwa biolojia na mtu mwenye mabuti yaliyotoboka.

"Mimi si kama wale wanaowauzia wageni mikufu ya magamba yao, shangazi. Hii ni sayansi."

"Haya, nisomee hiyo sayansi."

Dayamí akakunjua karatasi ya maagizo, akasoma kwa sauti ya mtihani. "Arobaini, wakubwa tu, wenye rangi kali, gamba lisiwe na ufa. Wachemshwe, nyama itupwe. Kila gamba litobolewe tundu dogo ukingoni, la kufungia lebo."

"Nyama itupwe?"

"Itupwe."

"Sasa mwanangu, utafiti wako unahusu nini?"

"Wanachokula."

"Na chakula kinakaa kwenye gamba?"

Dayamí aliirudia mistari ile kwa macho. Karatasi ile alikuwa ameisoma mara kumi na asione kitu, kwa sababu aliyeiandika anaitwa Daktari.

"Na hilo tundu," Eneida aliendelea, "ni la lebo au la uzi? Mwaka jana alikuja kijana na sanduku kama hilo. Mwaka juzi walikuja wawili. Mimi wakinikuta na konokono mfukoni, nalala ndani. Ninyi mna barua ya chuo yenye mhuri, polisi anawapisha na kuwatakia safari njema!"

Hasira zilimpanda Dayamí hadi masikio yakawaka. Miaka minne alimbebea yule mtu mikoba na kumcheka kila mzaha wake. Kumbe alikuwa anafanywa punda wa magendo, tena punda anayeshukuru! Na huyo ndiye mwalimu, anakaa mbele ya watoto wa watu na kuwahubiria kulinda misitu.

"Nitawaachia hapa hapa," alisema, akafungua kifuniko.

"Funga! Hao umewatoa wapi?"

"Ng'ambo ya mto."

"Basi si wa hapa. Wa hapa ni wa hapa, wa kule ni wa kule. Warudishe kwao."

"Siku mbili, shangazi!"

"Mbona kuja uliweza?"

"Na shahada yangu?"

Eneida akamwekea kahawa mbele. "Hiyo siwezi kukuchujia, mwanangu. Kunywa." Kisha akaichukua ile karatasi na kuielekeza motoni.

Dayamí alimdaka mkono, kahawa ikamwagika yote.

"Usiichome! Kaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Nitaisoma mbele ya kitivo kizima, yeye akiwa amekaa kiti cha mbele, halafu aniambie tundu ni la nini."

"Atakufukuza."

"Anifukuze wakishasikia."

Eneida alimtazama, akaingia ndani, akatoka na jozi ya mabuti yake mengine, yenye matundu machache zaidi. Dayamí aliyavaa, akaloanisha majani ya sandukuni ili konokono wasikauke, akaanza kushuka kuelekea mtoni.