Mzee wa Kubadilishwa

Redio ile ya valvu ilikuwa na sanduku la mbao, kitambaa cha kahawia kinywani, na ugonjwa mmoja tu: kuvuma. Ilivuma kama nyuki waliofungiwa kabatini. Mwenye nyumba alikuwa na dawa yake. Aliinuka kitini, akakohoa mara moja kuionya, kisha akaizaba kofi ubavu wa kushoto, chini kidogo ya kitambaa, kwa kiganja kilichonyooka. Ikaacha kuvuma, ikaanza kusema na watu. Kwa kazi hiyo, ambayo hakuna mwingine pale nyumbani aliyeiweza, walimwita Babu Makofi, naye jina lile alitembea nalo kama mtu aliyevaa koti jipya.

Siku za karibuni kofi halikutosha. Redio ilitangaza kifo, mvumo ukameza jina, na mkewe, akidhani ni muuza viatu wa mtaani, akamlilia mpaka macho yakavimba. Halafu akamkuta dukani mzima kabisa, anamjaribisha mteja raba.

"Umeniliza machozi ya bure!" Bibi alimfokea muuza viatu, na tangu hapo hawasalimiani. Ndipo Bibi akamwita Fundi wa redio.

Fundi alikuwa mama mpana, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili, maana maisha yake yote alizungumza akishindana na spika. Na alikuwa na mtindo wake. Ndani ya redio mna kapasita, vile vikopo vinavyoweka umeme akiba. Vikichakaa, redio inavuma. Fundi hakuviita kapasita. Aliviita wazee. Bibi akazoea upesi, naye akaviita hivyo hivyo.

Babu Makofi hakuyajua hayo. Alikuwa amejilaza chumbani, pazia tu likimtenga na sebule, usingizi unamchukua na kumrudisha, aliposikia Fundi akisema:

"Bibi, nikufiche au nikwambie? Mzee amekwisha."

"Nilijua," Bibi akajibu. "Mvumo asubuhi, mvumo jioni."

"Hebu tazama kichwa kilivyomvimba. Nje anang'aa, ndani kakauka. Na huku chini anavuja."

Babu akajipapasa kichwa. Kisha, kwa wasiwasi, akajipapasa chini. Pakavu.

"Sasa dawa yake nini?"

"Kumtoa, mama. Tunaweka mpya. Wa siku hizi wafupi, lakini wanabeba kuliko hawa."

"Lakini mimi nimeshamzoea pale alipo. Pataonekana pengo."

"Pengo litoke wapi? Namtoa mzee utumbo wote, nabakiza ngozi tupu, halafu mpya namwingiza humo humo ndani. Mtu akichungulia ataapa ni mzee yule yule!"

"Wewe Fundi una visa! Na asipoenea?"

"Asipoenea, mpya anakaa peke yake, na mzee mzima mzima tunamweka kwenye kopo huko nyuma ya jiko, awe kumbukumbu. Ila usimguse, Bibi. Huyu hata umzime, anabaki na umeme wake. Umshike vibaya, anakurusha mpaka mlangoni."

Hapo Babu alijisikia vizuri kidogo. Lakini haikudumu.

"Na mpya anakuja lini?"

"Nimeshapiga simu duka la vipuri. Yuko njiani."

Babu Makofi akaketi kitandani, miguu inaning'inia. Kubadilishwa angekuvumilia, kila kitu cha nyumba ile kilishabadilishwa, hata mlango. Kilichomkata maini ni lile neno "nilijua". Mke gani anajua jambo kama hilo na bado anakuuliza asubuhi kama chai ina sukari ya kutosha?

Aliamua kitu kimoja: ataondoka na utumbo wake. Akatia sandukuni mashati, wembe, na balbu nzima aliyoinunua kwa pesa zake. Halafu akapita mlango wa nyuma kutafuta kopo lake. La mafuta ya kupikia halikumwenea hata mguu. La rangi lilikuwa na rangi. Nyuma ya jiko, chini ya dirisha, palikuwa na pipa la maji, tupu, limekaushwa na jua. Akalipima kwa mikono. "Hapa nitakaa," akasema.

Mara akasikia mtu kwenye kizingiti cha mbele.

"Hodi! Hapa ndipo anapobadilishwa mzee?"

Babu akazunguka nyumba. Pale alisimama mwanamume mfupi, mabega kama meza, kifurushi mkononi. Alikuwa mchukuzi wa duka la vipuri, na tangu aanze kazi hakuwahi kuuliza maswali, kwa sababu tajiri wake alimwambia maswali yanachelewesha mzigo.

"Ndipo," Babu akasema. Akamtazama juu mpaka chini, safari ambayo haikuwa ndefu. "Ni kweli unabeba?"

"Magunia, friji, chochote."

"Basi sikiliza nikukabidhi. Hii miwani, vaa. Hizi ndara, ya kushoto imepanuka, usiishangae. Kiti chako ni kile pale ndani, mguu mmoja mfupi, egemea kulia. Kabla ya kusema lolote, kohoa."

"Nikohoe vipi, mzee?"

Babu akamwonyesha. Mchukuzi akajaribu, ukatoka mlio wa mbuzi.

"Wa tumboni, bwana! Haya. Bibi chai yake ataitaka ya moto isiyoshikika, halafu atalalamika imemuunguza. Usijibu. Na akisinzia huwa anaongea." Babu akajikuna shingo. "Anaongea mambo ya vitunguu, ya mama yake, hayana mpango. Wewe itika 'naam'. Usipoitika, anaamka, na akiamka anahangaika kutafuta nani aliyeondoka. Umenielewa?"

"Naam," mchukuzi akasema.

"Hivyo hivyo."

Babu akainua sanduku lake, akaenda nyuma, akaingia ndani ya pipa.

Fundi alikipokea kifurushi bila kuinua macho, chuma cha kulehemu kikitoa moshi mkononi. Mpya hakuenea ndani ya ngozi ya mzee, basi akamweka mzee kando mezani, mzima mzima. Bibi alikuwa jikoni. Aliporudi na chai, akamkuta mwanamume mfupi kwenye kiti cha mumewe, ndani ya miwani ya mumewe, ameegemea kulia.

"Wewe nani?"

Mchukuzi akakohoa, wa tumboni. Kikohozi kikamshtua Fundi, mguu wa chanya wa kapasita mpya akaulehemu mahali pa hasi.

"Mimi ndiye mpya," mchukuzi akasema kwa adabu. "Chai iko wapi?"

"Mpya wa nani?"

"Bibi, maneno baadaye, tujaribu chombo!" Fundi akasema, akawasha.

Redio ikapumua. Ikakaa kimya kama mtu anayetafuta neno. Halafu, PAA! Kapasita ikapasuka, moshi mweupe ukafunika meza, vipande vya karatasi vikamwagika kama godoro lililochanwa. Mchukuzi aliruka na kiti. Alitokea mlangoni bila kugusa sakafu, akipiga kelele, "Hili la baruti sikukabidhiwa!" Akapotea mtaani na ndara ya kushoto mguuni.

Fundi akapangusa uso, akacheka mpaka akakaa chini.

"Nimemgeuza miguu, jamani. Na mpya wa saizi hii alikuwa mmoja tu, mpaka duka lipate mzigo mwingine." Akapanua kifua, akasema kwa ile sauti yake: "Hamna jinsi, Bibi! MZEE ARUDI!"

Kutoka nyuma ya jiko sauti nzito, yenye mwangwi wa bati, ikajibu:

"KWA MASHARTI!"

Bibi akachungulia dirishani. Akaona pipa, kichwa cha mumewe, na sanduku limekumbatiwa. Akaitazama kapasita kuukuu iliyovimba mezani, akamtazama tena mumewe, na maneno yote ya asubuhi yakamrudia moja moja. Akauma ncha ya mtandio kuzuia kicheko. Kisha akakiona kiganja cha mzee kimeng'ang'ania ukingo wa pipa, na kicheko chenyewe kikaondoka.

"Taja, baba," akasema.

"Nisitolewe utumbo."

"Hutatolewa."

"Na ile 'nilijua' uifute."

"Sikuwa najua kitu mimi. Toka humo, chai inapoa."

Fundi akamrudisha mzee wa bati mahali pake, akaonya wasiiache redio inawaka wakiwa hawapo. Akawasha. Nyuki wakaamka kabatini. Babu Makofi akakohoa, akaizaba kofi. Ikanyamaza, ikaanza kusoma vifo, na majina yote yakasikika. Muuza viatu hakuwemo. Bibi akaguna, kama hakupendezwa sana.

Baadaye, Fundi ameshaondoka, Bibi akasinzia kitini.

"Vitunguu wameviweka wapi?" akanong'ona usingizini.

"Naam," Babu akaitika.

"Naam," ikasema sauti nyingine dirishani. Alikuwa mchukuzi, amekuja kurudisha ndara na miwani.

Babu akaipokea ndara, akamrushia hiyo hiyo.