Punje Katikati ya Meno

...na nikiing'ata sasa hivi nitajua, ndiyo maana siing'ati, nimeishika tu kwa meno ya mbele, punje moja ya bangi, niko juu ya paa la nyumba yetu, jua liko mgongoni, mawe bapa yameshapata joto na miguu yangu inalifurahia, na mbele yangu kwenye blanketi kuukuu yamelala mashina kumi na manne niliyoyaning'iniza chumba cha juu siku tisa, vichwa chini, dirisha wazi, mbali na moshi wa jiko, leo asubuhi nilikunja tawi moja likavunjika pak badala ya kupinda, basi nikayaleta huku yapate jua la mwisho kabla ya kupigwa fimbo, limebaki jambo moja tu, punje imejaa au ni ganda, ikiwa imejaa italia ta na mafuta yatatoka, ikiwa tupu itasinyaa ulimini kama kapi, na Tanuja anaolewa baada ya wiki tatu, na kwetu, upande wa mama yangu, binti haendi kwa mume bila punje za mama yake kwenye pembe ya shela ya harusi, konzi moja, fundo moja, mimi nilikuja hapa hivyo, mama alikwenda kwa baba hivyo... "Mama Tanuja! Zimekauka?" huyo mume wangu, Diwan, yuko uani anachonga mpini wa jembe, amekuja kwa ajili ya harusi kutoka Delhi anakopika hotelini, siwezi kumjibu, nina punje mdomoni, "Mama Tanuja, si nakuuliza?" na mama mkwe anamwambia, "Mwache huyo, kalala huko juu kama paka," jiwe lake la kusagia halisimami, kru, kru, chumvi na pilipili, sijalala, mama, nimekaa, ni vitu viwili tofauti, na tangu mwezi wa tatu sikumbuki lini nilikaa mchana... mwezi wa tatu ndipo nyati wetu alipokufa, mzee wa watu, akalala zizini na hakuamka, nikamsikitikia siku moja, siku ya pili nikaanza kuwaza samadi, maana kishamba kile nyuma ya zizi kilikuwa kinakula samadi yake kila mwaka na bangi yangu ilikuwa inanipita urefu kwa dhiraa mbili, mwaka huu nikapanda hivyohivyo kwenye udongo mtupu, nikasema tutaona, tukaona, mwezi wa sita majani ya chini yakawa ya njano, halafu yaliyo juu yake, halafu yakaanza kudondoka, mmea wenye njaa hula majani yake ya chini kwanza ili kichwa kiendelee kupanda, hilo halikunishangaza, ndivyo ninavyoishi mimi, nikamwambia Diwan kwa simu, naye akatuma chupa kwa dereva wa gari la abiria, chakula cha mimea, kifuniko kimoja kwa ndoo moja, nikaiweka dirishani nikaenda kukata majani ya mbuzi, narudi namkuta mama mkwe amemaliza kunyweshea, "Umetia vifuniko vingapi, mama?" "Vitatu." "Kwa nini vitatu?" "Si vidogo? Kwani wewe unashiba kifuniko kimoja?" na siku ya nne ncha za majani zikaungua, kahawia, kavu kama karatasi iliyosogezwa motoni, majani yakajikunja chini kama kucha za mwewe, nikabeba maji kutoka chemchemi, ndoo ishirini na mbili siku moja, nikaosha ule udongo kama ninavyoosha sufuria, kisha nikaacha, hilo ndilo gumu, kuacha, wiki mbili nilipita pale bila kugusa, ndipo nikaloweka mashudu ya haradali mpaka yakanuka nyumba nzima, Tanuja akala nje siku zote hizo, nikatia kidogo, kidogo tena, na mvua zilipokolea bangi ikarudi kijani, si kijani cha kutisha, kijani cha kawaida tu, nikasimama pale na matope mguuni nikatabasamu peke yangu kama mwehu... "Mama, kama ni tupu tununue za dukani," Tanuja anasema toka jikoni, "mbegu ni mbegu," na bibi yake anamjibu, "Haya, na mama je, naye tumnunue dukani?" wanacheka, nami nacheka kwa pua, punje isidondoke, mwanangu hana kosa, hakumjua vizuri bibi yake mwingine, mama yangu amekufa mwaka wa kumi na moja huu, nyumba yao imeanguka, shela yake ilichakaa ikawa matambara, kilichobaki chake duniani kinachoota kila mwaka ni hizi, wala si jambo la kulilia, ni la kupanda tu, ila za akiba hakuna, maana wazazi wa bwana harusi walipokuja kumwona binti, mama mkwe alishusha kibuyu changu cha mbegu akakaanga zote, zote, akasaga chatini, wageni wakala na magimbi na mikate ya wimbi wakalamba vidole, baba wa kijana akasema, nyumba yenye chatini kama hii hatuulizi mengi, na mambo yakaisha, kwa hiyo mbegu za mama yangu zimemwoza mjukuu wake, sikupata hata pa kukasirikia, zilibaki zilizokuwa ardhini, hayo majike kumi na manne na madume yake.

Na madume yake, hapo ndipo nilipotaka kuua mtu, Diwan alikuja mwezi wa nane siku kumi, mimi nikaenda msituni kufuata kuni, narudi naona mashina yamelazwa uani kwa safu kama nyoka waliouawa, naye amesimama anajifuta jasho, "Nimekutolea magugu." "Magugu gani, baba Tanuja?" "Madume. Simu inasema dume halina faida, linaharibu majike." "Simu yako inakula chatini?" "Mama Tanuja, hao ni wataalamu!" wataalamu wa kuvuta, nikamwambia, wanaovuta hawataki punje, sisi tunakula, tunapanda, dume tunaling'oa likishamwaga vumbi lake, ndipo tunalichuna kamba, si kabla, vumbi lile shuleni tuliliita chavua na nililipatia alama zote, akatazama yale mashina, akanitazama mimi, akasema polepole, "Hayarudishiki, eh?" na mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini, "Mwanangu amewafanya wajane wote kumi na wanne!" kwa sauti yake ile isiyojua ukuta, na jirani yetu Govindi, mama Kishan, mjane wa mwaka wa sita, alikuwa shambani kwake, ngazi ya shamba iliyo juu yetu mlimani, niliona ameinuka, ametugeuzia mgongo, ameinama tena... punje imeanza kulowa mate, nikichelewa sana haitakuwa na mlio hata kama ni nzima, ngoja kidogo, jua ni zuri... mwezi wa tisa nikapitisha kidole kwenye vichwa, mazoea tu, nikagusa kitu kigumu, nikafunua, punje, nikafunua kingine, punje, wajane wangu wana mimba, nikasimama nikageuza uso ujue upepo unatoka wapi, ulitoka juu, kwa Govindi, yeye hupanda mwezi mzima baada ya sisi kwa sababu mjane huazimwa maksai wenye nao wakishamaliza, na kila mwaka nimemcheka, bangi ya Govindi itakomaa juu ya theluji, basi madume yake yalikuja kufunguka yangu yakiwa yameshakaukia uani, na vumbi lake likashuka ngazi moja bila kuuliza kama tunasemeshana, maana hatusemeshani, mwaka wa pili huu, mbuzi wake alikula miche yangu nami nikasema chemchemini, mbele ya wanawake wote, kwamba nyumba isiyo na mwanamume hata mbuzi wake hana adabu, yeye alijaza ndoo yake, akajitwika, akaenda, ningependa angenitukana... lakini vumbi lililochelewa hufanya punje iliyochelewa, na mwaka huu jalidi, umande unaoganda usiku, liliwahi, nikakata vichwa vikiwa bado nusu kijani, sikuwa na jinsi, asubuhi moja zaidi vingeoza shambani, ndiyo maana sijui, nje rangi yake si mbaya, ina madoa, lakini madoa ni ganda, "Mama Tanuja, umekufa huko?" haya, basi, na iwe, ta.

Ta, jamani, ta, mlio mdogo kama kucha inayokatwa, na mafuta yametoka, mazito, utamu wake ule wa karibu na uchungu, natafuna na ganda lake, nang'ata nyingine, ta, nyingine kutoka shina la mwisho ukingoni, ta, mashina haya yatatoa mbegu za shela na za kibuyu na chatini ya harusi juu yake, na mwili wangu umelegea wote kama aliyetuliwa mzigo, nacheka, halafu naonja tena na cheko linapungua, maana nimelijua jambo ambalo nimelijua tangu mwezi wa tisa, hizi ni za mama yangu nusu tu, nusu ni za Govindi, nami nitazifunga kwenye pembe ya shela ya binti yangu na kusema ni zetu, na yeye hataalikwa kulikaribia fundo, si kwa ugomvi tu, mjane hagusi shela ya bi harusi, ni mkosi, hivyo ndivyo tunavyosema, ila vumbi lake limeshagusa kila punje iliyomo, na kama mkosi ungekuwa unaingia kwa hapo, ungeshaingia, na nimezitafuna tatu na sijaona mkosi, nimeona mafuta. Na yule pale, njia ya juu, anashuka na mzigo wa majani kichwani, uso hauonekani, lakini mwendo naujua, ule wa kuburuta mguu wa kushoto, atapita nyuma ya nyumba yetu bila kugeuka kama anavyopita kila siku, bado hatua ishirini, kumi na tano, mama mkwe atapiga kelele mpaka harusi iishe, apige, nimeshaoshea ndoo ishirini na mbili vifuniko vyake vitatu, "Mama Kishan!" sauti yangu imetoka kubwa kuliko nilivyotaka, mzigo umesimama, "Mama Kishan, ukishatua hayo majani pitia hapa. Kuna mbegu zako. Na siku ya harusi uje mapema, fundo tutalifunga wawili," na mzigo bado umesimama, haukugeuka wala haukuondoka, na chini uani Diwan ameacha kuchonga, na jiwe la kusagia limenyamaza, nasikia mama mkwe anavuta pumzi ndefu ya kuanzia, "Wewe mama Tanuja, umesema nini?" jua bado liko mgongoni, mawe bado yana moto, nami nimechukua punje nyingine, nimeiweka katikati ya meno, nisiweze kujibu.