Nailoni ya Mahindi

Kondoo mwingine wa mzee Gancho alipokufa, mzee hakumzika. Alimpasua tumbo palepale uani, akatoa donge jeusi la nailoni, akalisuuza kwa maji ya bomba na kulibeba mpaka mlangoni kwa jirani yake Kamen.

"Mahindi yako haya," akasema. "Haya, kula!"

Kamen ndiye aliyeileta nailoni hiyo kijijini. Aliwauzia wakulima wa pilipili hoho waitandaze shambani kuzuia magugu. Kiwanda kilisema imetengenezwa kwa mahindi: ukishavuna, lima juu yake tu, itaoza iwe udongo. Watu walimwamini, maana shamba la kwanza kutandazwa lilikuwa la baba yake mwenyewe.

Mwisho wa juma dada yake, Zornitsa, alikuja kuwaona wazazi. Alikuwa akifanya kazi kwenye maabara moja huko Sofia, mji mkuu. Kamen akamtilia mfukoni kipande cha lile donge na kipande cha nailoni mpya.

"Nipimie, mdogo wangu. Kondoo wa Gancho wanazurura wakila takataka za barabarani, halafu lawama zote kwangu. Niletee majibu nimzibe mdomo."

"Na ikiwa si mahindi?"

"Acha uchuro, wewe!"

Zornitsa alivipima vipande vyote viwili kwa njia mbili. Kwanza alivipasha moto mkali ndani ya kitanuri kidogo kisicho na hewa, ili visiungue bali vivunjike kuwa mvuke, na mashine ikausoma mvuke ule. Kisha akaunguza vipande vingine kabisa, akapima kaboni yake. Kaboni ya mahindi ni nzito kidogo kuliko ya mafuta ya petroli, na mashine haidanganyiki. Alitamani kwa moyo wote iwe ya mahindi. Jibu lilipotoka akadhani amekosea, akarudia, likatoka lilelile. Vipande vyote viwili ni kitu kimoja: plastiki ya kawaida ya petroli, iliyochanganywa na wanga kidogo wa mahindi. Wanga unaoza, plastiki inabaki udongoni imekatikakatika. Ndiyo maana mashamba yalionekana safi. Hata yeye aliwahi kulisifia la baba yake.

Hakutaka kumwambia kaka yake kwa simu, akarudi kijijini. Alimkuta Kamen uani, anachoma pilipili pamoja na mama yao, mikono myeusi kwa masizi.

"Enhe, daktari wa mifuko! Sema."

Akamweleza. Kamen akaendelea kumenya ganda lililoungua la pilipili ileile iliyokwisha kumenyeka.

"Lakini mahindi yamo," akasema hatimaye.

"Kidogo tu, kaka."

"Si yamo? Basi andika yamo. Ishia hapo. Nani kakuomba hadithi nzima?"

"Gancho anawalisha nini kondoo wake, Kamen? Majani ya mashamba yetu. Nitaandikaje nusu?"

"Mama, msikie mwanao! Nimempa kazi anisaidie, ananichimbia kaburi."

Mama hakumtetea yeyote. Alifunika sufuria akaingia ndani. Zornitsa alitamani kumshika kaka yake mkono. Lakini Gancho alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, na alikuwa amesikia.

"Sema kwa sauti, binti," Gancho akasema. "Ni nini?"

Zornitsa akamtazama kaka yake, kisha akasema, "Ni plastiki, mzee. Kiwanda kimetudanganya sote."

Kamen akatupa kisu akatoka.

Kiwanda hakikupokea tena simu zake. Kamen alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu ukweli. Wengine walimkaribisha, wengine walimfungulia mbwa. Ila na dada yake hakusema neno. Sikukuu ya Pasaka, walipogonganisha mayai mekundu mezani kuona la nani halitapasuka, Kamen alilizungusha yai lake kwa kila mtu, akamruka Zornitsa kana kwamba kiti chake ni kitupu. Watoto wakacheka wakidhani ni mchezo. Zornitsa akabaki na yai zima mkononi.

Kesho yake Zornitsa alimfuata kaka yake shambani. Kamen alikuwa amepiga magoti, anaokota vipande na kuvitia ndoo. Udongo uliolimwa ulikuwa umejaa vipande vyeusi, vingine vidogo kama kucha. Zornitsa akapiga magoti hatua chache mbali naye, akashika kipande kimoja na kukivuta. Kikakatika, nusu ikabaki chini.

Wakaokota muda mrefu. Mbele yao shamba lilienda mpaka mtoni, na baada yake yalifuata mashamba ya watu wengine.

"Usivute," Kamen akasema bila kumtazama. "Chimba chini yake kwanza."

Akachimba. Kipande kilitoka kizima, na chini yake kulikuwa na vingine.