Glavu za Taa

Kwenye saluni ya mama mkwe wake, mkorogo ulichanganywa mbele ya mteja, tena kwa mikono mitupu, ili mteja aone mwenyewe kwamba hamna sumu. Ndiyo iliyokuwa sifa ya saluni ile. Taa, kama wateja walivyombatiza kwa weupe wake, aliukoroga hivyo miaka nenda miaka rudi, na picha ya uso wake ikatundikwa juu ya mlango.

Kisha vidole vikaanza kuchujuka. Si weupe ule wa kusifiwa. Ni mabaka meupe pe, kama aliyemwagikiwa chokaa. Daktari akamwambia rangi iliyoondoka huenda isirudi tena, aachane na dawa zile mara moja. Aachane nazo aende wapi? Mume yuko mbali, hatumi hata salamu. Chumba ni cha mama mkwe, chakula ni cha mama mkwe, na mama mkwe alishamwambia kwa upole kabisa kwamba uso ukiachana na picha, itatafutwa picha nyingine. Basi Taa akaendelea kujipaka, na mikononi akavaa glavu. Wateja nao, masikini ya Mungu, wakafurahi kwamba sasa huduma imekuwa kama ya hospitali.

Siku hiyo aliyeketi kitini alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wao, mwenye ngozi nyeusi ti isiyo na hata chunusi. Harusi yake ilikuwa imekaribia, akataka awe kama ile picha ya mlangoni. Taa akajizungusha weee, mara atafute kopo lililo mbele ya macho yake, mara aoshe bakuli safi. Roho ilikuwa inamuuma. Nyuma ya pazia, mama mkwe akakohoa kumhimiza.

Taa akainama, akavua glavu moja, akauweka mkono mapajani kwa mdogo wake.

"Tazama. Ni dawa hii hii."

Binti akaushika mkono, akaupapasa, machozi yakamlengalenga. Taa akashusha pumzi. Hata akifukuzwa leo, huyu angalau amepona.

"Pole, dada yangu," mdogo wake akanong'ona. "Kumbe ulikuwa unakoroga bila glavu. Vaa kwanza, usizidi kuumia, ndiyo unipake."

Taa akafungua mdomo amweleze. Pazia likasogea, na mama mkwe akauliza, kwa tabasamu, mbona bi harusi anacheleweshwa.

Taa akavaa glavu.