Sahani ya Anuari

Saa moja na robo jioni Sitara aliepua wali, akaugeuza kwenye sinia, akakwangua ukoko na kuuweka kwenye bakuli lake. Ndivyo walivyozoea katika nyumba yao ya ghorofa ya tatu, Mchafukoge. Kichwa cha samaki kilikuwa cha baba, mnofu wa kati wa Anuari, mkia na ukoko wa Sitara. Mama alikula kilichobaki, na mara nyingi kilibaki cha kutosha.

Siku hiyo Anuari hakuwepo. Asubuhi alikuwa amehamia Kigamboni, kwenye chumba cha kupanga karibu na ghala alilopata kazi. Baba yao, Mzee Mbaruku, alimsomea dua sebuleni. Majirani wawili walisaidia kushusha kitanda ngazini. Mama alimsindikiza hadi Feri, akasimama mpaka pantoni ikavuka, kisha akarudi na changu mkubwa kwenye mfuko. Anuari alikuwa na miaka ishirini na miwili. Sitara alikuwa na ishirini na mitano, na ingawa yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, mtaa mzima ulimwita mama yao Mama Anuari.

Mama alipakua sahani ya Anuari kama kawaida, akaifunika kwa kawa, akaiweka juu ya kabati la vyombo, mahali panapowekwa chakula cha mtu anayechelewa.

"Mama, Anuari harudi," Sitara alimwambia.

"Najua. Mtu hakosi kuwekewa kwao."

Walipomaliza kula, Sitara aliinua kawa ili aurudishe wali kwenye sufuria. Sahani ilikuwa tupu. Miiba ya changu ilikuwa imepangwa ukingoni, mmoja mmoja, kama Anuari alivyozoea kuipanga tangu utotoni. Haukupita muda, simu ya mama ikaita. Anuari alisema chumba kina joto lakini ni kizuri, na ameshashiba, ila pilipili ilikuwa kidogo.

Mama akamgeukia Sitara. "Kesho ongeza pilipili."

Shobhana, jirani wa mlango wa pili, alipoelezwa aliuliza tu kama sahani ilirudi safi. Mwanawe Manan alikuwa akifanya kazi Uingereza, na kila siku yeye alimfunikia chapati na mboga. "Wangu anachelewa kula," alisema. "Saa zao ziko nyuma. Halafu bilinganya anaziacha pembeni mpaka leo." Sitara akamuuliza kama anamfunikia na Rinkal, binti yake aliyehamia Upanga. Shobhana alionekana hajawahi kuulizwa.

"Rinkal ana mume," alisema.

Ikawa hivyo kila jioni. Sitara alikuwa akiuza vitenge dukani Kariakoo, kutwa yuko wima. Akitoka alipita sokoni, akafika, akapika, mama akapakua. Anuari akanenepa. Ijumaa ya pili alipokuja kusalimia, shati alilokuwa amepigiwa pasi na Sitara halikufungika tumboni. Mama alimzunguka akimtazama.

"Amekuwa mtu mzima," alisema. "Sasa anajitegemea."

Wakati huo Sitara alikuwa ameinama mbele ya Anuari, anamnawisha mikono. Maji yalipofika ukingoni mwa beseni, aliendelea kumimina kidogo.

Wivu wake haukuwa wa samaki. Mkia wa changu ni mtamu kwa aliyeuzoea. Alichoonea wivu ni ile kawa. Mtu alitoka mlangoni, akavuka maji, na nafasi yake ikabaki na joto. Yeye alikuwepo kila siku, na hakuna aliyewahi kumfunikia kitu.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alijaribu jambo moja moja. Kwanza alizidisha chumvi kwenye sahani ile peke yake. Anuari akapiga simu, na Sitara akasemwa. Wiki iliyofuata alipunguza wali. Anuari akapiga simu. Mwishowe, siku moja mama akiwa anaswali, aliichukua sahani, akaingia nayo jikoni na kuila yote akiwa amesimama. Alimaliza akiwa na njaa ileile. Simu ikaita.

"Mwambieni dada leo kapatia," Anuari alisema, akabeua.

Mwezi uliofuata Sitara alipata chumba Buguruni. Aliwaambia wazazi Jumapili, baada ya chai. Mzee Mbaruku aliuliza anaolewa na nani. Alijibu kwamba haolewi, anahama tu, kama Anuari. Mzee akasema Anuari ni mwanamume, kisha akarudi kwenye cherehani yake, kwa kuwa kwake jambo lilikuwa limeshajibiwa. Mama alibaki akikunja kanga.

"Mama, nikienda utaniwekea?"

Mama alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Mtoto wa kike huwekewa kwake," alisema.

"Hapa si kwetu?"

"Ni kwenu mpaka upate kwako." Alikunja kanga nyingine, akailaza juu ya mwenzake. "Lakini nitakuwekea. Nimekuzaa."

Sitara aliondoka Jumamosi kwa bajaji moja. Dua haikusomwa. Mzee Mbaruku alishuka naye ngazi hadi ghorofa ya pili, akamwambia awe anafunga mlango vizuri.

Jioni ile Sitara hakupika. Aliketi kwenye godoro, mikono mapajani, akasubiri kushiba. Saa moja na nusu alijua sahani zimeshafunikwa. Saa mbili kasoro robo alijua zimeshafunuliwa. Tumbo lake lilinguruma. Alipiga simu.

"Mama, umeniwekea?"

"Nimekuwekea. Sahani mbili, kawa mbili. Ya mwenzio imekwisha. Yako iko hapahapa, imeingia sisimizi."

"Uliniwekea nini?"

"Ukoko na mkia. Si ndivyo unavyopenda? Tangu mdogo hukutaka kingine."

Sitara alitafuta pa kuanzia. Ilikuwa miaka ishirini na mitano, na hakuona mahali penye upenyo. Alisema ni kweli, akamwomba amsalimie baba.

Kesho yake alijipikia wali wa nazi, kikombe kimoja cha mchele. Alipunguza moto mapema ili ukoko usishike. Alikaanga kipande kimoja cha changu, mnofu wa kati, akapakua. Bafu la wapangaji likawa wazi, naye hakutaka kupoteza zamu. Akafunika chakula kwa sahani nyingine, akaenda kuoga.

Aliporudi, sahani ilikuwa tupu na miiba imepangwa ukingoni. Simu ilikuwa inaita.

"Dada, mambo? Jana kapika mama, nikakimaliza kwa shida," Anuari alisema. "Leo ndiyo nimekula. Nikaujua mkono wako. Cha mama nimekiacha."

"Sawa."

"Wewe umeshakula?"

"Bado."

"Kula, dada. Usikae na njaa," alisema, na alimaanisha.

Siku iliyofuata Sitara hakufunika kitu. Alikula moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, mlango ukiwa umefungwa, mpaka akakwangua chini. Njaa haikupungua. Anuari alipiga simu kushukuru. Siku ya tatu alipika vikombe viwili, akapakua sahani mbili, akaifunika moja, akala ya pili. Hapo alishiba.

Sufuria yake ilikuwa ndogo kwa vikombe viwili, wali ulimwagika pembeni. Jumatano, wakati wa mapumziko ya mchana, alitoka dukani akaenda mtaa wa nyuma wanakouza vyombo. Muuzaji aligonga sufuria tatu kwa ukucha, akampa ya katikati.

"Hii watu wawili inawatosha, dada. Shemeji anakula sana?"

Sitara alisema hana mume. Akauliza kama ina mfuniko wake.