Sekela Haumwi

1.

TANGAZO. TANGAZO. TANGAZO.

Uongozi wa Chuo cha Ualimu Ngemela unawatangazia wanachuo wote kwamba maandalizi ya Tamasha la Sanaa na Haki yanaendelea vizuri. Kaulimbiu ya mwaka huu ni "Tupaze Sauti". Kuhudhuria ni lazima. Sare ni lazima. Kelele ni marufuku.

Limetolewa na Ofisi ya Mlezi wa Wanachuo.

2.

Hapo ulipo huwezi kuisikia sauti iliyosoma tangazo hilo, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa.

Ilikuwa sauti ya msichana wa mwaka wa pili, Bupe Mwakajumba. Nzito kidogo, haina haraka. Ilitoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, mabwenini, bwaloni, hadi kule kwenye bustani ya kabichi ambako ukungu hauondoki mpaka jua liwe juu. Ndiyo iliyowaamsha watu. Ndiyo iliyowaambia maji yamekatika. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza alipofariki likizoni, ndiyo iliyowapa habari, na wengi walilia si kwa sababu ya habari yenyewe bali kwa jinsi sauti ilivyosita kabla ya kulitaja jina.

Watu wakibishana, mmoja akisema "Bupe kasema," ubishi umekwisha.

Aliyempa kazi hiyo ni Mama Kyejo, mlezi wa wanachuo. Bupe alifika Ngemela akiwa ametoka kumzika mama yake, hasemi na mtu. Mama Kyejo alimvalisha sweta lake mwenyewe, akamkalisha mbele ya kipaza sauti, akamwambia, "Soma, mwanangu. Mtu akisoma hawezi kulia."

Akasoma. Hakulia.

Kitu kama hicho mtu hakisahau.

3.

(Bombani. Wasichana wawili, ndoo moja inajaa.)

— Umesikia Sekela ana igizo kwenye tamasha?

— La nini?

— La ofisini.

— Ofisi gani?

— We nawe. Ofisi gani!

— ...

— ...

— Kamtaja?

— Hajamtaja mtu.

— Basi kamtaja.

4.

Sekela Mwangoka alikuwa anakaa chumba kimoja na Bupe, vitanda vinatazamana. Mwembamba, mcheshi, hapendi kufunga vifungo vya sweta. Muhula uliopita aliitwa ofisini kwa mkufunzi wao wa saikolojia, Mwalimu Kihwele, kuzungumzia alama zake. Alirudi chumbani akajifunika blanketi mpaka kichwani. Bupe alimuuliza mara moja tu. Sekela akajibu, "Nilitoka. Nilifanikiwa kutoka. Usiniulize zaidi."

Hakumuuliza zaidi.

Alama zikatoka. Sekela akafeli somo moja. Hilohilo.

Alikwenda kulalamika. Akaambiwa alete ushahidi. Ndipo akaacha kulalamika, akaanza kutunga.

Siku ya mazoezi alikaa peke yake jukwaani, juu ya kiti kimoja, akasema maneno yake mwanzo hadi mwisho. Mwalimu Kihwele aliingia katikati. Akaja mstari wa mbele kabisa, akakunja nne. Bupe, aliyekuwa pembeni akipanga ratiba kwa sababu ndiye mshereheshaji, alimwona akisikiliza kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesahihisha insha.

Sekela alipomaliza, yeye ndiye aliyepiga makofi.

Peke yake.

"Kazi nzuri," akasema. "Una kipaji, binti. Njoo ofisini tuiboreshe."

5.

Maneno ya igizo, kama yalivyosikika siku ile ya mazoezi:

*Ofisi ina viti viwili. Kimoja amekaa yeye. Kingine kimejaa mafaili.*

*Anasema, karibu ukae.*

*Ninatafuta pa kukaa.*

*Anasema, alama zako zinanisikitisha. Anasema hivyo kwa upole, kama daktari. Halafu anainuka, anakwenda mlangoni, nami najiambia, anafungua, anafungua, anafungua hewa ipite*

*Kitasa kinalia.*

*Mtihani niliujibu kwa kalamu. Sasa natakiwa kuujibu kwa*

6.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango. Hapana, uache. Uache wazi."

Mama Kyejo alikuwa amesimama dirishani. Mezani palikuwa na karatasi ya tangazo, maneno yameshachapwa, muhuri umeshapigwa. Bupe aliyasoma akiwa bado wima.

"Mama, Sekela haumwi."

"Najua."

"Tumekunywa uji pamoja asubuhi."

"Bupe, najua." Mama Kyejo aligeuka. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala vizuri. "Agizo ni la Mkuu wa Chuo. Wageni wanatoka wilayani. Unadhani mimi sijakwenda kusema? Nimekwenda, mara ya kwanza Sekela aliponijia, na juzi tena. Naulizwa ushahidi uko wapi. Mlango ukifungwa na ndani wamo watu wawili tu, nani atakuwa shahidi?"

Bupe aliitazama ile karatasi.

"Akisema jukwaani, watasema ametunga. Watamfukuza yeye, si yule. Mimi namlinda. Nawalinda nyote." Akamsogezea karatasi. "Soma, mwanangu. Ni sentensi mbili tu."

7.

TANGAZO. TANGAZO. TANGAZO.

Uongozi wa Chuo unasikitika kuwatangazia kwamba igizo la mtu mmoja lililokuwa kwenye ratiba ya tamasha limeondolewa kutokana na mshiriki, Sekela Mwangoka, kuumwa. Tumwombee apone haraka.

8.

Wakati huo Sekela alikuwa bwaloni, kwenye foleni, sahani mkononi, akicheka jambo aliloambiwa na mwenzake aliye nyuma.

Kipaza sauti kilikuwa juu ya kichwa chake.

Foleni yote ikageuka kumtazama.

Kicheko chake kilichelewa kuisha. Bado kilikuwa mdomoni aliposikia jina lake, na waliokuwapo wanasema hicho ndicho kilichowauma zaidi, kwamba alisikiliza tangazo zima akiwa amebaki na meno nje. Kisha akainua uso akakitazama kile kipaza sauti. Hakutukana. Aliita tu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili:

"Bupe?"

9.

Walichomletea mgonjwa jioni ile:

Ndimu mbili.

Panadol nusu karatasi.

Chai ya tangawizi kwenye kikombe kisicho chao.

Ushauri: alale.

Ushauri: aende hospitali ya wilaya, ya hapa hawajui kitu.

Swali, kwa kunong'ona: "Eti ni mimba?"

Nawe usiwacheke. Walimwona anatembea, anakula, anacheka. Lakini Bupe alikuwa amesema.

10.

Bupe aliingia chumbani akamkuta amekaa kitandani, ndimu ziko mapajani.

"Sekela."

Sekela akazigeuza ndimu.

"Sekela, Mama Kyejo aliniambia..."

"Usinitajie Mama Kyejo. Mama Kyejo hakusikika. Nimekusikia wewe." Alisema taratibu, na Bupe angependelea apigiwe kelele. "Unajua nilijifunza nini siku ile ofisini? Nilijifunza kwamba mtu anaweza kukuambia jambo kwa sauti nzuri, ya upole, mpaka ukaanza kujiuliza kama ni wewe unayekosea. Sasa leo nimesimama pale na sahani yangu nikajishika paji la uso. Unasikia? Nikajipima homa. Mbele za watu."

Bupe alikaa chini, sakafuni, palepale alipokuwa.

"Nifanye nini?"

"Usinililie."

"Silii. Nifanye nini?"

Sekela aliweka ndimu dirishani. Akavua viatu. Akapanda kitandani na kugeukia ukuta, na Bupe akafikiri hatajibiwa.

"Wewe ndiye uliyenitia ugonjwa," Sekela akauambia ukuta. "Niponye."

11.

RATIBA (sehemu)

Wimbo wa Taifa
Kumkaribisha mgeni rasmi
Ngoma: kikundi cha mwaka wa kwanza
Ushairi: "Usawa Shuleni"
~~Igizo la mtu mmoja~~
Kwaya ya Chuo
Neno la shukrani: Mwal. Kihwele

12.

Mvua ilianza wakati wa ngoma.

Ukumbi wa Ngemela una paa la bati lisilo na dari, na mvua za huko juu milimani hazina adabu. Mgeni rasmi alisogeza kiti mbele ili asikie. Wanachuo walijaa mpaka madirishani, sare zimelowa mabegani. Bango la "Tupaze Sauti" lilikuwa limeanza kuchuruzika wino.

Bupe alisimama na kipaza sauti baada ya shairi. Mkononi alikuwa na ratiba. Chini, mstari wa mbele, Mama Kyejo alikuwa anamtazama. Si kwa ukali. Alikuwa anamtazama kama siku ya kwanza, alipomvalisha sweta lile.

Ingekuwa rahisi kama angemtazama kwa ukali.

"Kinachofuata," Bupe akasema, na sauti yake ikapanda juu ya mvua kama ilivyozoeleka, "kinachofuata ni"

Kwaya walikuwa wameshainuka.

"ni tangazo."

Kwaya wakakaa.

"Tangazo. Tangazo." Akaikunja ratiba. "Tangazo. Juzi niliwatangazia kwamba Sekela Mwangoka anaumwa. Sekela haumwi. Hajaumwa. Nilijua haumwi nilipokuwa nasoma. Sekela, kama bado unataka, kiti chako ki"

13.

Kik.

14.

Wamekata umeme wa spika.

Sijui ni nani. Chuoni bado wanabishana.

15.

Kilichobaki ni mvua.

Bupe alikuwa anapanua mdomo na hakuna kilichotoka. Ndivyo walivyoona walio nyuma. Hakuwahi kuongea na watu hawa bila waya. Aliuweka mkono kooni kama anayetafuta swichi.

Sekela alitoka katikati ya mstari wa nane au wa tisa huko, akipita juu ya magoti ya watu, samahani, samahani, samahani. Akapanda. Hakumtazama Bupe. Akakaa kwenye kiti cha mshereheshaji, akaanza.

Midomo inacheza. Bati linapiga. Hakuna anayesikia.

Bupe alisogea akapiga magoti karibu na kiti, sikio lake mdomoni mwa Sekela. Akasikiliza sentensi moja. Kisha akainuka, akajaza kifua hewa, akaipeleka ukumbini kwa nguvu zake zote:

"OFISI INA VITI VIWILI!"

Akainama tena.

"KIMOJA AMEKAA YEYE!"

Haikuwa ile sauti yao ya asubuhi. Ilikuwa imekwaruza, imepanda juu, inakatika, ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Wengine hawakuitambua. Walitazama midomo yake ili waamini.

"KINGINE KIMEJAA MAFAILI!"

Mkuu wa Chuo alimwinamia mgeni rasmi akimweleza jambo. Mgeni rasmi alimwonyesha kwa kiganja: subiri.

Waliendelea hivyo, mmoja chini, mmoja juu. Sekela akisema taratibu, Bupe akipaza. Walipofika kwenye kitasa, Mwalimu Kihwele aliinuka. Alirekebisha koti lake bila haraka, akaanza kuelekea mlango wa pembeni.

Mama Kyejo naye akainuka.

Watu wote walidhani anakwenda jukwaani kuwashusha. Bupe alidhani hivyo. Sauti ilimkatika katikati ya neno. Lakini Mama Kyejo alipita jukwaa, akafika kwenye ule mlango wa pembeni kabla ya Kihwele, akasimama hapo na mkoba wake kifuani, mama mfupi, miwani imejaa ukungu.

"Mwalimu," akasema, na kwa bahati mvua ilikuwa imepungua kidogo, "igizo bado."

"Samahani, mama. Nina kazi ofisini."

Ofisini.

Neno lilianguka katikati ya ukumbi. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa sauti nyingine, ya chini, ilianzia upande wa wasichana wa mwaka wa tatu, mmmh, midomo imefungwa, ikahamia kwa wa mwaka wa pili, ikapita kwa wavulana ambao hawakujua waangalie wapi. Kihwele alisimama palepale. Hakutoka. Hakurudi kukaa.

Sekela alimvuta Bupe sketi.

"Endelea," akamwambia. "Bado sentensi ya mwisho."

16.

Sentensi ya mwisho siandiki hapa. Ni yake. Waliokuwapo waliisikia.

17.

(Njiani kurudi mabwenini, chini ya miavuli.)

— Watafukuzwa wote wawili.

— Hawafukuzwi.

— Na Mama Kyejo je?

— Umemwona alivyokuwa anatetemeka?

— Nilidhani ni baridi.

— Mimi mwaka jana aliniita. Yule.

— ...

— ...

— Hukuwahi kusema.

— Ndiyo nasema.

18.

TANGAZO. TANGAZO. Tanga— samahani. TANGAZO.

Wanachuo Bupe Mwakajumba na Sekela Mwangoka wanatakiwa kufika mbele ya Kamati ya Nidhamu asubuhi hii. Aidha, mwanachuo yeyote mwenye ma... mwenye maelezo kuhusu jambo lililosemwa jana ukumbini afike mahali hapohapo.

Limetolewa na Ofisi ya Mkuu wa Chuo.

19.

Ilikuwa sauti ya mvulana, ngeni, inajikwaa. Bupe aliisikia akiwa anafunga kamba za viatu, na kitu fulani kifuani kikamshuka. Hakujua kama ni huzuni au ni mzigo. Koo lilikuwa limevimba, hakuweza kusema hata "twende."

"Leo unayeumwa ni wewe," Sekela akasema. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bwaloni, akatabasamu. Kidogo tu. Si msamaha wote.

Walipita bustanini ukungu ukiwa bado umelala juu ya kabichi. Hawakujua Mama Kyejo atakaa upande upi wa meza. Hawakujua kama Kihwele atakuwapo. Sekela alifunga vifungo vyote vya sweta, akafungua kimoja, akakifunga tena.

Nje ya chumba cha kamati kulikuwa na benchi.

Lilikuwa na watu. Msichana mmoja mrefu wa mwaka wa tatu. Mwingine wasiyemfahamu hata kwa sura, mdogo, kitambaa kichwani, anatafuna kucha. Mwishoni kabisa mmoja wa waimbaji wa kwaya, mikono mapajani, anatazama sakafu.



Yule mdogo akanyanyua macho, akawaona, akasogea wapate pa kukaa.